Kitendawili Kimoja, Miji Miwili: Kisa cha Broadchurch na Gracepoint

Asubuhi ya kiangazi, baba mmoja anateremka barabara kuu ya mji mdogo wa pwani. Ni fundi bomba, anakwenda kazini. Huyu anamsalimu, yule anamtania, mwingine anampungia mkono kutoka mlangoni pa duka. Kamera inamfuata hatua kwa hatua bila kukata, nasi tunaonyeshwa mji mzima kwa dakika chache, mtu mmoja mmoja, na karibu kila anayemsalimu atakuja kutiliwa shaka. Mwanawe amekwisha kufa usiku. Yeye hajui.

Zima hiyo, washa nyingine. Asubuhi, baba mmoja anateremka barabara kuu ya mji mdogo wa pwani. Anasalimiwa, anataniwa, anapungiwa mkono. Jina lake limebadilika kutoka Mark Latimer kuwa Mark Solano, magari yanapita upande wa kulia wa barabara, na bahari ni Pasifiki. Aliyeelekeza matembezi yote mawili ni mtu mmoja, James Strong. Na atakapoingia mpelelezi mgeni mwenye sura ya kukosa usingizi, utasugua macho: ni David Tennant hapa, na ni David Tennant kule.

Nilizitazama tamthilia hizi mbili kwa kufuatana, Broadchurch ya Uingereza kisha Gracepoint ya Marekani, nikitaka kuelewa swali moja lililokuwa likinikera: inakuwaje hadithi ileile, kwa mwandishi yuleyule wa sehemu ya kwanza, mwelekezaji yuleyule wa mwanzo na mwigizaji yuleyule mkuu, ipendwe upande mmoja wa Atlantiki na idode upande wa pili? Kujibu hilo lazima nimtaje muuaji. Kama hujaitazama na unapenda kushangazwa, niache hapa, ukaitazame kwanza.

Broadchurch ilianza kuonyeshwa na kituo cha televisheni cha ITV tarehe 4 Machi 2013, sehemu nane, moja kila Jumatatu usiku. Mtunzi wake, Chris Chibnall, aliiandika akiwa mkazi wa Bridport, kaunti ya Dorset, na ule ufuo unaouona chini ya jabali la rangi ya asali uko West Bay, jirani tu na kwake. Kumbuka hilo, nitalirudia. Mtoto wa miaka 11, Danny Latimer, anakutwa amekufa mchangani. Kesi inapewa watu wawili wasiopatana. Wa kwanza ni Alec Hardy, ndiye Tennant, mgeni, mgonjwa wa moyo, mwenye kesi ya nyuma iliyomharibikia. Wa pili ni Ellie Miller, mwenyeji, anayeigizwa na Olivia Colman. Ellie amerudi likizo Florida na mikoba ya zawadi, anaingia kazini akicheka, anaambiwa kile cheo alichoahidiwa kapewa huyo mgeni. Zaidi ya hapo, maiti ni ya rafiki wa mwanawe.

Uingereza ikasimama. Watu walikuwa wakibishana kazini kila Jumanne nani kaua, na sehemu ya mwisho, tarehe 22 Aprili, ilitazamwa na mamilioni. Mwaka uliofuata BAFTA, chuo cha filamu na televisheni cha Uingereza, ikaipa tuzo ya tamthilia bora, ikampa Colman yake, na mwigizaji mwenzake David Bradley yake.

Sasa Marekani. BBC America, kituo cha kebo cha kulipia, ilianza kuionyesha tarehe 7 Agosti 2013. Wiki hiyohiyo habari zilikuwa zimeshatoka kwamba Fox, mojawapo ya vituo vikubwa vya bure, itaitengeneza upya kwa Kimarekani. Yaani kabla Mmarekani wa kwanza hajaona mwisho wa kitu chenyewe, nakala yake ilikuwa imeshaagizwa.

Nisiwaonee Fox. Hesabu yao ilikuwa na mantiki. Kituo cha kebo kinafikia kipande kidogo cha watu, na kwa miongo mingi televisheni kubwa za Marekani zimeamini kwamba mtazamaji wa kawaida hatakaa kusikiliza lafudhi ya Kiingereza saa tatu usiku baada ya kazi. Anayetaka lafudhi hiyo amewekewa pembe yake: PBS, televisheni ya umma, imekuwa ikileta tamthilia za Uingereza tangu Januari 1971 katika kipindi kilichoanza kwa jina la Masterpiece Theatre, na stesheni zake nyingi zina desturi ya kurusha vichekesho vya Kiingereza Jumamosi usiku. Wengine wote hutengenezewa nakala.

Na nakala hizo si zote zilizoanguka. Huo mwaka 1971, kituo cha CBS kilichukua kichekesho cha BBC kuhusu mzee mbishi wa Mashariki mwa London, Till Death Us Do Part, ikamhamishia Queens, New York, ikamwita Archie Bunker, na All in the Family ikawa miongoni mwa vipindi vilivyotazamwa kuliko vyote nchini humo. The Office, kichekesho cha BBC cha maisha ya ofisini, ilikuwa na sehemu 14 tu. Ya kituo cha NBC cha Marekani, iliyoanza 2005, ilifika 201. Hata Mind Your Language, ambayo waliokua na televisheni ya taifa ya Kenya hawahitaji kuelezwa, ilizaliwa upya Marekani mwaka 1986 kwa jina la What a Country!, ikadumu msimu mmoja.

Kwa hiyo kunakili si kosa lenyewe. Kosa limejificha ndani zaidi, na mimi naliona kwa macho ya mchezo wetu wa jioni.

Kitendawili! Tega! Ukishindwa kujibu, mtegaji hakupi jibu bure. Anakudai mji. "Nipe mji," anasema, nawe unampa Mombasa, unampa Kilwa, anatembea nao kidogo kwa maneno ya mbwembwe, kisha ndipo anategua. Mambo mawili kila mtoto anayajua kuhusu mchezo huu. La kwanza: kitendawili kilichoteguliwa jana hakitegwi leo kwa watu walewale. La pili: bila mji, hakuna jibu.

Gracepoint iliteleza kwenye yote mawili.

Chukua la kwanza. Kichekesho hakina jibu. Bosi mjinga wa The Office anachekesha hata ukijua atasema nini, ndiyo maana NBC waliweza kuanza kwa kunakili sehemu ya kwanza karibu neno kwa neno, watu wakasikitika, kisha kuanzia sehemu ya pili wakaandika yao wenyewe na taratibu wakapata miguu. Tamthilia ya nani-kaua haina anasa hiyo. Walioipenda Broadchurch kule Marekani, wale wachache wa kebo ambao ndio wangeipigia debe Gracepoint, walikwisha kujua ni nani. Tena wengi wao walimfahamu Tennant kwa kuwa alikuwa shujaa wa Doctor Who, tamthilia ya BBC, kuanzia 2005 hadi 2010, ndiye aliyewavuta BBC America tangu mwanzo. Sasa wanamwona yuleyule, kwa jina la Emmett Carver, akizungumza lafudhi ya Kimarekani iliyombana kama kiatu cha kuazima. Mtu ni Mskoti. Kwenye Broadchurch aliachiwa Uskoti wake, na ule mkwaruzo wa sauti ulikuwa sehemu ya ugeni wa Hardy kule Dorset. Akifungua mdomo tu unajua hatoki hapa. Carver akifungua mdomo unajua mwigizaji anafanya kazi.

Na wasioijua Broadchurch? Kwao Gracepoint ilikuwa mpya, ndio hasa waliolengwa. Lakini ilianza Alhamisi tarehe 2 Oktoba 2014 saa tatu usiku, saa ambayo kituo cha ABC kilikuwa na tamthilia ya Scandal, na CBS majuma hayo ya mwanzo ilikuwa na mpira wa Kimarekani. Hapo sina la kuchambua. Ukifungua kibanda cha kahawa katikati ya harusi mbili, usilaumu kahawa.

La pili, la mji, ndilo linalonishughulisha.

Gracepoint kwenye karatasi iko California ya kaskazini. Kwa mwili iko Canada, maana ilipigwa maeneo ya Victoria, British Columbia. Kwa mifupa iko Dorset. Mandhari ni mazuri, sikatai, miti na maji na ukungu wa kupendeza. Lakini mji si mandhari. Mji ni nani anamjua nani, nani anamuuzia nani nini, na siri gani watu wamekubaliana kutoitaja.

Nitatoa mfano mmoja, ule ambao kwangu ndio kiini. Broadchurch ina mzee anaitwa Jack Marshall, wa David Bradley, yule aliyepata tuzo. Ana duka dogo la magazeti, la aina iliyoko kila mji wa Uingereza: magazeti mbele, peremende na sigara nyuma ya kaunta, na watoto wa jirani wanaolipwa visenti kuyapeleka magazeti majumbani alfajiri. Danny alikuwa mmoja wa watoto hao. Siri ya zamani ya mzee huyu inapofukuliwa, magazeti ya London yanamgeukia. Sasa ona kilivyofumwa: mtu anaangamizwa na magazeti, na riziki yake ni kuyauza. Kila alfajiri lazima akate kamba ya furushi na kuyapanga mwenyewe. Hakuna aliyetufafanulia jambo hilo kwa hotuba, duka lenyewe linatosha. Anapojiua, mji unajua ulikuwa ukinunua nini.

Katika Gracepoint, Jack ni Nick Nolte, mwigizaji mkubwa mwenye sauti ya changarawe. Duka la magazeti halina maana kwenye mji wa California, kwa hiyo wakampa biashara ya kukodisha mitumbwi ya kayak na kuwatembeza watalii kuangalia nyangumi. Ni badiliko la busara, la mtu aliyefikiri: hapa wanafanya nini ufuoni? Lakini uzi umekatika. Mzee wa nyangumi akisakamwa na waandishi, ni mzee anayesakamwa na waandishi, basi. Kazi yake na kifo chake havina undugu.

Mambo kama hayo ni mengi, mengine madogo kama sindano. Mpelelezi wa kawaida wa Uingereza habebi bunduki. Hardy na Miller wakigonga mlango usiku, wana daftari na maneno tu, na hofu yote iko kwenye maneno hayo. Mpelelezi wa Marekani ana silaha, mtazamaji anajua anayo, na hata isipochomolewa imeshaingia chumbani kabla yake. Mazungumzo yaleyale, yaliyoandikwa kwa ajili ya watu wasio na bastola, yanasikika mepesi yanaposemwa na mwenye nayo.

Kisha wakaongeza sehemu mbili, zikawa kumi. Mahali pa kuzijaza pakatafutwa: msafiri wa ajabu mwenye begi la mgongoni, kupotea kwa Tom mtoto wa Ellie, binti wa mpelelezi. Broadchurch nayo ilikuwa na njia za kupotezea, usidhani ilikuwa takatifu. Yule anayedai kupokea habari kutoka kwa wafu mpaka leo sijui alikuja kufanya nini. Ila sehemu nane zilimbana mwandishi, kumi zikamwachia nafasi ya kuzurura.

Niseme neno kuhusu Anna Gunn, Ellie wa Gracepoint, kwa sababu watu humlaumu bure. Gracepoint ilipoanza kuonyeshwa alikuwa na tuzo mbili za Emmy mfululizo, za 2013 na 2014, kwa tamthilia ya Breaking Bad. Ellie wake ni mkavu zaidi, mtu aliyezoea kufunga taya. Si mbaya hata kidogo. Lakini Ellie wa Colman ni yule jirani anayekuletea uji ukiwa umefiwa, anayelia na wewe kabla hajauliza swali la kipolisi, na ni huyo ambaye pigo la mwisho linahitaji kumwangukia.

Pigo lenyewe ni hili. Katika Broadchurch, aliyemuua Danny ni Joe, mume wa Ellie.

Jinsi Ellie anavyoambiwa ni darasa. Sehemu ya mwisho haingoji dakika zake za mwisho, inalitoa jibu mapema ili ibaki na muda wa kukaa na waliofiwa. Hardy amekuwa akimwita "Miller" kwa sehemu zote hizo, ingawa siku ya kwanza alimwomba amwite kwa jina lake. Sasa wako wawili chumbani, naye anamwita Ellie. Kabla jina la muuaji halijatoka, wewe uliyetazama tangu mwanzo unajua kuna jambo, maana mtu huyu hana desturi ya upole. Colman hapigi kelele. Anakataa kwanza, kama mtu anayekataa chakula, kisha mwili unamsaliti, anajikunja pembeni na kutapika. Baadaye, akiwa mbele ya mumewe kwenye chumba cha mahojiano, anamrushia mateke mpaka wenzake wanamvuta.

Lakini kilichojengwa kwa ustadi zaidi kimepandwa sehemu moja nyuma. Ellie alikuwa akimhoji mwanamke ambaye mumewe alifanya maovu ndani ya nyumba yao, akamuuliza kwa dharau ya mtu aliye salama: ulikosaje kujua? Mwisho wa hadithi, mama yake Danny anamuuliza Ellie swali hilohilo. Ulikosaje kujua? Mpelelezi, unalala naye kitanda kimoja. Hapo ndipo kitendawili kinapoteguka sawasawa. Swali la nani kaua lilikuwa mlango tu, nyumba yenyewe ni hilo la pili.

Fox walijua kwamba jibu limeshavuja, wakaahidi mwisho tofauti, na wakautoa. Tarehe 11 Desemba 2014, watazamaji waliobaki wakaambiwa: Joe alikuwa na Danny kweli usiku ule, lakini aliyempiga ni Tom, mtoto wa Ellie. Tom alimwona baba yake akimkamata rafiki yake, akainua kasia ampige baba, baba akakwepa, kasia likampata Danny. Joe anajitwisha kosa ili kumwokoa mwanawe, na Ellie anakuja kuujua ukweli.

Peke yake, wazo hilo si baya. Mama aliye askari, mikononi mwake kuna siri ya kumpeleka mwanawe jela: hiyo ingeweza kuwa tamthilia nzima. Ila ni tamthilia nyingine, na ilihitaji kuanzia sehemu ya kwanza. Sehemu zote zilizotangulia zilikuwa zimepangwa kuelekea swali la "ulikosaje kujua", matofali yaleyale ya Chibnall kwa mpangilio uleule, kisha dakika za mwisho zikaleta swali la "sasa utafanya nini". Kuua kwa makusudi ya kuficha kumekuwa ajali. Mtu mzima aliyemvizia mtoto amekuwa, nusu, baba anayejitoa mhanga. Nilipoitazama nilijikuta namhurumia Joe, na nikakasirika kwa kuhurumishwa.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema Gracepoint ilianguka kwa kunakili mno. Ilinakili mno mahali palipotaka mji mpya, ikabadilisha mahali pekee ambapo badiliko lingebomoa kila kitu. Archie Bunker alipewa Queens, akapewa na ugomvi wa Queens. The Office ilipewa Scranton, Pennsylvania, na kampuni ya karatasi ambayo wafanyakazi wake wana matumaini ambayo wenzao wa Slough, mji wa The Office ya Uingereza, hawakuwa nayo. Hata Wafaransa walipoichukua Broadchurch mwaka 2015 waliihamishia Corsica, kisiwa chenye desturi yake kongwe ya kutozungumza na polisi. Walidaiwa mji, wakautoa. Fox walitoa picha za mji.

Fox haikuendelea nayo baada ya sehemu hizo kumi. ITV nao walikuwa na msimu wa pili tayari, ukaanza tarehe 5 Januari 2015, hata mwezi haujaisha tangu mwisho wa Gracepoint, na Machi ukafika BBC America, Tennant kwa Uskoti wake. Katika sehemu ya kwanza Joe Miller anasimamishwa kizimbani, mji mzima umejaa mahakamani ukingoja akiri ili wakapumzike. Anasema hana hatia. Mtazamaji wa Broadchurch alishika kichwa. Aliyekuwa ameona Gracepoint peke yake angeweza kabisa kumwamini.